Jani Lililo Chini ya Ngao

Anayeitazama nembo ya Jamhuri ya Kenya kwa makini, wala si kwa jicho la haraka tuitupialo sote tunapoikuta juu ya barua ya serikali au kwenye jalada la pasipoti, ataona kwanza simba wawili waliosimama na mikuki yao, kisha ngao yenye rangi za bendera, kisha katikati ya ngao jogoo mweupe aliyeshika shoka. Na akishusha macho hadi pale miguu ya simba inapokanyaga, ataukuta Mlima Kenya, na mbele ya mlima mazao ambayo waliobuni nembo hiyo waliyahesabu kuwa ndiyo riziki ya nchi, yaani kahawa, pareto, mkonge, mahindi, mananasi na chai. Jogoo yule asili yake ni chama cha KANU, na chama kilipoondoka madarakani mwaka 2002 jogoo alibaki palepale na shoka lake, maana ishara za dola aghalabu huwazidi umri walioziweka. Ama mazao, hayo yamepata bahati mbalimbali. Pareto ilikaribia kusahauliwa, mkonge umerudi nyuma, kahawa imepanda na kushuka. Chai ndiyo iliyostawi hata ikawa, mwaka baada ya mwaka, miongoni mwa vitu vya mwanzo viiletavyo nchi fedha za kigeni. Hata Benki Kuu ilipotoa noti zake za kwanza mwaka 1966, ile ya shilingi kumi, yenye sura ya Mzee Kenyatta upande mmoja, ilichorwa wachuma chai upande wa pili.

Sehemu kubwa ya jani hilo hutoka Kericho na Bomet. Na hapo ndipo panapozuka jambo ambalo wanasheria wa Nairobi hawakulikusudia. Katiba ya 2010, katika kifungu chake cha 9, imezitaja alama nne za taifa, nazo ni bendera, wimbo wa taifa, nembo na muhuri wa Jamhuri. Kisha, katika Jedwali la Nne, ikagawa kazi baina ya serikali mbili, kilimo kikaenda kwa kaunti, na uhusiano na mataifa ya nje pamoja na biashara ya kimataifa vikabaki mikononi mwa serikali ya taifa. Mgawo huo ni wa busara, wala sijui nchi iliyogawa vinginevyo ikasalimika. Lakini katika nchi ya chai umezaa ajabu, kwa kuwa mche ni wa kaunti, ilhali bei ya mche, wanunuzi wake na hati za ardhi ulimoota ni mambo ya mataifa. Kwa sababu hiyo watu wa Kericho na Bomet, ambao Katiba haikuwapa wizara ya nje wala balozi hata mmoja, wamelazimika kufanya ubalozi wao wenyewe, na katika baadhi ya mambo wameufanya kwa bidii kuliko wale wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Inafaa kwanza msomaji wa pwani aijue nchi yenyewe. Kericho iko juu, kama mita elfu mbili kutoka usawa wa bahari, na msitu wa Mau unailisha mawingu. Asubuhi jua huwaka jeupe na kali, na alasiri, siku nyingi za mwaka, mvua hushuka, mara nyingine pamoja na mawe ya barafu yanayoweza kuuchanachana mche wa chai kwa dakika chache na kumwachia mkulima wiki kadhaa za kungoja. Ukishika barabara iendayo Litein, Kapkatet na Sotik, utapita kwanza katikati ya mashamba ya kampuni, ambako chai imekatwa sawasawa hata bonde zima likaonekana kana kwamba limetandikwa busati la kijani, na kisha utaingia katika mashamba ya wakulima wadogo, ambako chai imepakana na mahindi, na mahindi na boma la ng'ombe, na ng'ombe na nyumba ya mabati.

Kazi yenyewe haijabadilika sana. Mchuma chai hujifunga aproni ya plastiki kiunoni ili umande usimloweshe, hubeba kikapu mgongoni, na hulaza fimbo ndefu juu ya miche ili ajue kimo. Kinachochomoza juu ya fimbo ndicho kichumwacho, majani mawili na chipukizi, kwa mikono yote miwili, na kurushwa nyuma ya bega bila kutazama. Jani likishachumwa halina subira. Likikaa kwenye gunia hupata joto, likipata joto huharibika, na kwa hiyo sharti lifike kiwandani siku ileile. Wakulima hukusanyika kwenye kituo cha kununulia, karani huning'iniza gunia kwenye mizani, husoma kilo, huandika risiti, na lori hungojwa kwa wasiwasi, hasa barabara ikiwa ya udongo na mvua imekwisha kunyesha. Malipo ya mwezi ni kidogo. Kinachongojwa ni bonasi ya mwisho wa mwaka wa fedha, na kila mwaka inapotangazwa wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa huona kwamba wenzao wa Kirinyaga na Meru wamelipwa zaidi kwa kilo, na manung'uniko huanza upya.

Miche hii ilifikaje hapa? Mwaka 1905 msafara wa kijeshi wa Waingereza uliingia Sotik, ukaua wengi wa Wakipsigis, wenyeji wa nchi hii, na kuchukua ng'ombe wao kwa maelfu. Sheria za Ardhi ya Taji, ya 1902 na ile ya 1915 iliyoifuata, zikaihesabu nchi kuwa mali ya mfalme wa Uingereza, naye akaikodisha kwa walowezi. Hiyo ya 1915 ndiyo iliyoleta hati za miaka 999, muhula ambao binadamu hawezi kuufikiria ila kwa kejeli. Baada ya Vita Kuu ya kwanza ukabuniwa mpango wa kuwapa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani kiasi cha ekari 25,000 karibu na Kericho walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafilisika, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia na kupanda chai. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria mahususi ya kuwaondoa Watalai, ukoo wa orkoik, viongozi wa kiroho ambao watu waliwasikiliza kuliko walivyomsikiliza Mkuu wa Wilaya. Mamia yao, wazee kwa watoto, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, penye mbung'o na malaria, watu wa milima ya baridi. Waliobaki hai walirudi uhuru ulipokaribia, wakakuta mahali pao pamekuwa chai.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 bendera moja ilishushwa na nyingine ikapandishwa. Hati za miaka 999 hazikushushwa. Serikali mpya ilikuwa na sababu zake, wala si zote za kulaumiwa, kwa maana ilihitaji fedha za kigeni, ilihitaji viwanda viendelee kufanya kazi, na iliona ni heri kuwaanzishia wananchi chai yao pembeni kuliko kuwanyang'anya wageni ile iliyokwisha simama. Mamlaka ya kuendeleza kilimo cha chai kwa wakulima wadogo, ile KTDA ijulikanayo na kila mtoto wa Litein, ilianzishwa mwaka 1964 kwa nia hiyo, nayo imefanya kazi kubwa. Lakini deni la ardhi liliachwa, na deni lisilozungumzwa halifutiki, hurithiwa.

Wakati huohuo watu wa nchi hii hawakuwa wavivu katika kuitukuza bendera mpya. Mwezi Oktoba 1964, Kenya ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, Wilson Kiprugut Chumo, mwanajeshi mzaliwa wa Kericho, alikimbia fainali ya mita 800 huko Tokyo, akafika wa tatu nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Canada, na kwa medali hiyo ya shaba bendera ya Kenya ikapandishwa kwa mara ya kwanza mbele ya mataifa katika Michezo ya Olimpiki. Miaka minne baadaye, Mexico, alipata ya fedha. Katika mwaka huo wa 1964 serikali ilikuwa ikifungua balozi zake moja moja na kutafuta watu wa kuzijaza; huyu alikwenda bila hati ya ubalozi, na watu wengi duniani walilisikia jina la Kenya kwa sababu yake kabla hawajalisikia kwa sababu ya waziri yeyote.

Kutoka huko kumetokea desturi ambayo kifungu cha 9 hakikuitaja. Mwanariadha anaporudi na medali, hupokewa uwanja wa ndege kwa kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, na shingoni huvishwa sinendet, mmea utambaao ambao Wakalenjin humvika mtu aliyeshinda. Wageni wa heshima nao hunyweshwa. Hapana sheria iliyoamuru, wala hapana adhabu kwa atakayeacha, na pengine ndiyo sababu desturi hiyo imekubalika kuliko mambo mengine yaliyoamriwa kwa Gazeti la Serikali.

Ama alama zilizoamriwa, hizo zimeleta ugomvi. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 magavana walikwenda huku na huko na bendera ya taifa kwenye magari yao, na mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Magavana alikuwa Isaac Ruto wa Bomet, mtu mwenye sauti na asiyeogopa kuitumia. Mwaka 2014 Bunge la Taifa likapitisha sheria ya kuwakataza magavana bendera hiyo pamoja na cheo cha Mheshimiwa Mtukufu. Na katika mwaka huohuo gavana huyu wa Bomet akaongoza kampeni ya kura ya maoni, aliyoiita Pesa Mashinani, ili kaunti zipewe sehemu kubwa zaidi ya mapato ya nchi. Watu walicheka kuona wakubwa wakigombania kitambaa kwenye boneti ya gari. Mimi naona hawakugombania kitambaa. Bendera kwenye gari hutambulisha nani anazungumza kwa niaba ya dola, na mwenye haki hiyo ndiye pia mwenye haki ya kuketi na mgeni na kutia sahihi.

Swali hilo la nani azungumze lilikuwa zito zaidi Kericho kuliko Bomet. Gavana wake wa kwanza, Profesa Paul Chepkwony, alilishika shauri la Wakipsigis na Watalai waliofukuzwa katika ardhi yao, akawaandikisha waliodhulumiwa na wazao wao, zaidi ya watu laki moja, akatafuta mawakili hadi Uingereza. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi iliamua kwamba wenyeji walitendewa dhuluma, ikapendekeza ardhi ya kampuni ipimwe upya na hati zisihuishwe bila kaunti kukubali. Kampuni zikaenda mahakamani kupinga. Kericho haikungoja. Malalamiko yalifikishwa kwa wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa, ambao mwaka 2021 waliieleza Uingereza wasiwasi wao kwamba haijakiri wajibu wake wala kulipa fidia. Mwezi Mei 2022 wazee waliandika barua kwa Mwanamfalme William kumwomba awasaidie. Mwezi Agosti 2022 shauri likapelekwa Strasbourg, katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Tuyapime haya kwa utaratibu wa mataifa. Raia wa nchi moja, wakiongozwa na serikali ya kaunti, waliishtaki serikali ya nchi nyingine mbele ya mahakama ya bara jingine, kwa makosa ya zama ambazo nchi yao wenyewe haikuwapo kama dola. Kazi hiyo, kwa desturi, hufanywa na wizara ya mambo ya nje kwa maandishi yenye muhuri. Nairobi haikuwazuia, lakini kutowazuia si kuwasaidia, na tofauti hiyo wazee wa Kericho wanaijua vizuri. Kulikuwa na mfano karibu. Mwezi Juni 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wahanga 5,228 wa mateso ya wakati wa Mau Mau jumla ya pauni milioni 19.9, na waziri wake wa nje, William Hague, akatamka majuto bungeni. Malipo yale nayo yalipatikana kwa wazee waliokwenda mahakamani London na mawakili wao, si kwa waraka wa dola.

Mwezi Oktoba 2023 mambo haya mawili, alama za taifa na uhusiano na wageni, yalikaribiana kwa siku. Tarehe 20 sherehe za taifa za Siku ya Mashujaa zilifanyika Kericho, katika uwanja uliopewa jina la Kiprugut Chumo, ambaye alikuwa amefariki mwezi Novemba mwaka uliotangulia. Rais William Ruto akakagua gwaride, na ujumbe wa mwaka ulikuwa afya kwa wote. Tarehe 31, siku kumi na moja baadaye, Mfalme Charles alipokewa rasmi Nairobi, na katika dhifa ya Ikulu alieleza huzuni na majuto makubwa kwa ukatili uliotendwa na Waingereza dhidi ya Wakenya. Hakuomba radhi kwa maneno ya kisheria, maana neno la radhi hufuatwa na hesabu, na mfalme husema aliyoshauriwa na mawaziri wake. Ziara ilimpeleka Nairobi na Mombasa. Kericho haikufikiwa. Sidhani ilikuwa vigumu kufika. Ndege ndogo ni mwendo mfupi tu.

Pamoja na hayo, haitakuwa insafu kusema kwamba Nairobi haina kazi inayoifanyia chai. Chai ya Kericho na Bomet huteremshwa kwa malori hadi Mombasa, ambako mnada ulioanzia Nairobi mwaka 1956 ulihamia mwaka 1969, na ambako huuzwa kwa dola za Marekani pamoja na chai ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na Kongo. Nyundo ya dalali imepisha mtambo wa kielektroniki tangu mwaka 2020, lakini wanunuzi ni walewale, na mkubwa wao kwa miaka mingi ni Pakistan. Kwa ajili ya Pakistan Kenya imefanya jambo ambalo mlaji wa wali hana habari nalo. Wenzake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokubaliana kutoza mchele wa nje ushuru wa asilimia 75, Kenya iliomba ruhusa ya kutoza asilimia 35 tu, ili Pakistan isije ikalipiza kisasi kwenye chai. Basi mkulima wa mpunga wa Mwea, anayelalamika kwamba mchele wa Pakistan unamharibia soko, analalamikia kwa kweli kituo cha kununulia chai kilichoko Kapkatet, na wote wawili ni wananchi wa nchi moja.

Mwezi Februari 2025 ikaonekana upande wa pili wa mambo hayo. Wapiganaji wa RSF wa Sudan pamoja na washirika wao walikutana Nairobi, wakatia sahihi mkataba wa kuunda serikali yao sambamba na ile ya jeshi. Serikali ya jeshi ikakasirika, na mwezi Machi ikapiga marufuku bidhaa zote kutoka Kenya. Sudan ni mnywaji wa chai wa zamani, na makontena yaliyokwisha kutayarishwa yakakwama. Waliokubali mkutano ule ufanyike Nairobi walikuwa na hoja zao za upatanishi, nazo ni za kusikilizwa. Nauliza tu kama yupo yeyote kati yao aliyemwita mtu wa Tea Board, chombo kilichorudishwa na Sheria ya Chai ya 2020, akamwuliza ni mifuko mingapi inayokwenda Port Sudan kwa mwezi.

Kuna jambo la mwisho, na hili bado linaendelea. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 65, ilimkataza asiye raia kumiliki ardhi kwa zaidi ya miaka 99, na ikasema kwamba hati zote ndefu kuliko hapo zihesabiwe kuwa za miaka 99 tangu Agosti 2010. Kwa hiyo zile karne kumi kasoro mwaka zimefupishwa hadi 2109. Kampuni haihesabiwi kuwa raia ila wenye mali yake wote wawe raia. Lakini hati ya miaka 99 bado ni mali inayouzika, na imeuzwa. Mashamba ya Finlay yalinunuliwa mwaka 2023 na Browns Investments ya Sri Lanka, na ikatangazwa kwamba sehemu ya asilimia 15 itatengewa ushirika wa wenyeji. Yale ya Brooke Bond ya zamani, yaliyokuwa ya Unilever, kisha mwaka 2022 yakawa ya mfuko wa uwekezaji wa CVC chini ya jina la Lipton, yalitangazwa mwaka 2024 kuwa yanakwenda kwa Browns pia. Katika mashamba hayo, mwezi Mei 2023, vijana wa Kericho walikuwa wamechoma moto mashine za kuchuma chai zilizowanyima ajira. Mmiliki mpya amezirithi mashine pamoja na hasira.

Watu wengi wameipokea habari hiyo kama mabadiliko ya bango langoni. Lakini Muingereza alikuwa mnywaji wa chai, naye alitaka jani la Kericho liwe rahisi na jingi. Msri Lanka ni muuzaji, na chai ya nchi yake, ijulikanayo duniani kwa jina la Ceylon, hushindana na yetu katika masoko yaleyale ya Uarabuni na Urusi. Mshindani wetu sasa ameshika hati za sehemu kubwa ya chai yetu hadi 2109, na anaweza kuchagua ni jani gani aliuze kwa jina gani na kwa bei gani. Sri Lanka ina ubalozi wake Nairobi. Hilo ni shauri la Wizara ya Mambo ya Nje kabla halijawa shauri la afisa wa kilimo wa Kericho, na mkataba wa masharti unaweza kuandikwa sasa, wakati mnunuzi bado anahitaji ridhaa ya wenyeji, kwa urahisi zaidi kuliko utakavyoandikwa baadaye huko Strasbourg au Colombo.